Je, Wajua? Jino Lililonyamaza

Mtu wa Bahi jino likiacha kuuma lenyewe hushukuru, akaahirisha safari ya Dodoma mjini kwa daktari wa meno. Kumbe huenda neva imekufa, na kwenye ncha ya mzizi kifuko cha majimaji kinajijenga polepole. Hicho ndicho kifuko cha taya kinachopatikana zaidi duniani. Kingine huzunguka kichwa cha jino lisiloota, mara nyingi gego la mwisho la chini. Mjanja wao ni keratosisti: hutambaa ndani ya mfupa bila kuvimbisha shavu, eksirei ndiyo humfichua, na hata akitolewa huweza kurudi. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani lilimhamishia kundi la uvimbe. 2017 likamrudisha kwenye vifuko.