Moteri Mupya Haitaki Haraka

Wewe kijana unayefungua radio ya baba ili kuona ndani kuna nini: unajua zile ndege ndogo za mufano zinazoruka kabisa na kulia kama nyuki wenye hasira? Leo nyingi zinatumia umeme. Lakini zile za moteri ya mafuta zingaliko, na moteri yake inaenea mu kiganja.

Buji yake haitoi cheche. Iko na waya mudogo wa platini, umeviringwa kama sipiringi. Mumarekani Ray Arden aliitoa kwa watu mwaka 1947. Unaiwasha kwa jiwe la volti 1,5 mpaka waya uwe mwekundu. Moteri ikishika, unaondoa jiwe, na waya unaendelea kuwaka wenyewe! Sababu gani? Joto la moto na la hewa iliyobanwa linaulisha, tena metanoli ikigusa platini inaleta joto lingine. Ndiyo maana hatutii esanse humo. Tunatia metanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika au mengine ya kulainisha, na mara nyingi nitrometani kidogo.

Sasa sikia vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaua moteri siku ya kwanza. Mafuta ya kulainisha yanasafiri ndani ya metanoli. Ukifunga sindano ya karburateri ili moteri ikimbie zaidi, umepunguza vyote viwili pamoja: kinachowaka na kinacholainisha. Kelele inakuwa tamu kwa masikio, na pistoni inaungua.

Kwa kuanza, funga moteri kwa bulo kwenye ubao muzito, mbali na muchanga na mavumbi. Fungua sindano kama mizunguko miwili ao mitatu. Ziba mudomo wa karburateri kwa kidole, zungusha elisi mara mbili ili ivute mafuta, ndipo ufunge jiwe. Elisi ikikataa kuzunguka, usiilazimishe: silinda imejaa mafuta na bieli itapinda. Toa buji, zungusha, mafuta yatatoka. Piga elisi kwa kijiti, hapana kwa kidole, kwa sababu elisi ile inakata nyama na mufupa. Ikishika, pita nyuma, na sindano uiguse kutoka nyuma tu. Mikono mirefu ya shati na kamba za shingoni, hapana!

Halafu rodaji. Mafundi wetu wa pikipiki wanaijua, lakini hapa inategemea silinda imefanywa na nini. Pistoni ikiwa ya chuma, acha sindano wazi, moteri ilie kwa sauti nzito ya kukatakata na kutoa moshi mwingi. Dakika mbili ao tatu, zima, ngoja ipoe kabisa, anza tena. Funga sindano kidogo kidogo, mara nyingi, na usihesabu saa. Lakini ikiwa pistoni ya aluminiamu ndani ya silinda ya shaba nyeupe kwa kromu, mambo yanageuka. Silinda hiyo imebana juu kwa makusudi, inafunguka ikipata joto. Ukiiendesha na mafuta mengi sana inabaki baridi, imebana, na pistoni inalika bure. Hiyo inataka joto, ila kwa muda mufupi, na sindano bado upande wa mafuta mengi.

Utajuaje? Finya kampira ka mafuta mara moja na uachilie. Ikiongeza mbio kidogo, ni vizuri. Ikitaka kufa papo hapo, iko na njaa, fungua sindano.

Wamama, neno hili ni lenu pia. Metanoli inafanana na maji, na kiasi kidogo kikinywewa kinapofusha macho, tena kinaua. Usiitie hata siku moja mu chupa ya Fanta ao ya maji. Moto wake mchana karibu hauonekani. Mutu anaweza kuungua bila kujua kitu gani kinamuunguza. Mutoto akinywa, mukimbize hospitali saa ileile, hata akionekana muzima.

Jioni, usiache mafuta mu tangi. Acha moteri iyamalize mpaka izime, kisha tia matone ya mafuta ya kulainisha na uzungushe elisi, kwa sababu metanoli inavuta maji ya hewani, na rulema zinashika kutu.