Je, Wajua? Kapasita Moja Yaweza Kuumeza Muheme

Muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo inayosikika Mvumi na kwingineko Chamwino, hupigwa ikiwa imebanwa mapajani, na utamu wake uko kwenye mlio mzito. Ukiurekodi kwa kompyuta, mlio huo hupitia chipu iitwayo kodeki, inayogeuza sauti kuwa namba, kwa kawaida mara 48,000 kila sekunde.

Kabla ya chipu kuna kapasita. Kazi yake ni kuzuia mkondo mnyoofu, kwa kuwa pini ya kuingizia sauti hukaa kwenye volti ya katikati: chipu inayotumia volti 3.3 huiweka karibu na 1.65. Lakini kapasita hiyo pia hukata sauti nzito. Kapasita ya mikrofaradi 1, pini ikiwa na ukinzani wa omu 10,000, huanza kukata kwenye hezi 16, chini ya uwezo wa sikio. Fundi akibana matumizi akaweka ya mikrofaradi 0.1, mpaka huo wa kukata hupanda hadi hezi 160. Hapo uzito wa muheme hupungua sana. Kinachosikika zaidi ni mgoto wa viganja kwenye ngozi. Programu yaweza kuurudisha kwa sehemu, lakini hukuza na kelele pia.

Ilimba, ala ya Kigogo ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, hudai uangalifu wa upande wa pili. Matundu yake huzibwa kwa utando wa buibui ili ivume, na mvumo huo una sauti kali za juu. Zinazozidi hezi 24,000, yaani nusu ya zile mara 48,000 za kodeki, zisipochujwa hurudi kama kelele za uongo. Kodeki za kisasa huchuja nyingi zenyewe. Nje hutosha rizista moja na kapasita ndogo.