Saladi ya viazi kwa mkutano wa kipwa: changanya mwisho, kula mapema

Kipwa ndio wakati wa kukutana. Mavuno yameingia, njia za vijijini zinapitika, na kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa hakuna wiki inayopita bila jambo: ndoa, kumaliza matanga, sikukuu ya uhuru tarehe 30 mwezi wa sita, mkutano mkuu wa kooperative. Siku hizi, pembeni ya bugali, sombe na mikebuka ya kukaanga, watu wanataka kuona pia basine ya saladi ya viazi. Ikikosekana, wengine wanasema karamu haikuwa karamu.

Katika toleo hili tunaongea juu ya saladi hiyo. Ni chakula kitamu, kinashibisha watu wengi, na sehemu kubwa ya vitu vyake inatoka kwenye mashamba yetu wenyewe. Lakini ni chakula kinachoweza kuharibu jina la mtu kwa siku moja. Tuliona hayo kwa macho yetu.

Yaliyotukuta

Tulikuwa kwenye mkutano wa kooperative moja ya kando ya ziwa, si mbali na Kalemie mjini. Mama mmoja wa kamati alikuwa amepika saladi usiku, maana asubuhi angekuwa na kazi ya kupokea wageni. Alichemsha viazi, akakata mayai, akatia mayonezi aliyoipiga mwenyewe kwa mayai mabichi na mafuta. Akafunika basine ikiwa bado na joto, akaiweka ndani ya nyumba. Umeme hakuna, frigo hakuna.

Kesho yake mkutano ulifunguliwa saa nne ya asubuhi. Hotuba zikawa ndefu, kama kawaida yetu. Chakula kilitolewa saa nane. Giza lilipoingia, watu kumi na mmoja walikuwa wanatapika na kuhara.

Kwanza watu waliogopa kolera, maana kwetu Kalemie kolera si mgeni. Kituo cha afya kiliwapa serumu ya kunywa, na namshukuru Mungu wote walipona. Lakini neno lililofuata lilikuwa baya kuliko ugonjwa: "Yule mama alitutilia sumu." Kwa majuma mengi wanunuzi walipita mbele ya meza yake ya samaki bila kumsalimu. Yeye mwenyewe alituambia: "Mimi pia nilikula ile saladi. Nani anatia sumu kwenye sahani yake?"

Kosa lilikuwa wapi

Sumu inawezekana ilikuwepo, lakini si ya kutiwa na mtu. Viazi vilivyopikwa na mayai ni chakula ambacho vijidudu wanakipenda. Kati ya digrii 5 na digrii 60 za joto, vijidudu wanazaana haraka. Basine iliyofunikwa ikiwa na uvuguvugu inakaa humo usiku kucha. Kuna kijidudu kinachoishi puani na kwenye vidonda vya mikono. Kikiingia katika chakula cha namna hiyo kinaacha sumu ambayo hata ukipasha chakula moto tena haiondoki. Mayai mabichi nayo yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kwa hiyo kunusa na kuonja hakutoshi. Saladi inaweza kuwa na harufu nzuri na ikakulaza hospitali.

Kanuni ni hii: chakula cha namna hii kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kama jua ni kali, joto likipita digrii 32, kisizidi saa moja. Kwa hiyo saladi ya mkutano haipikwi usiku. Inapikwa siku ileile, na vitu vyake vinachanganywa mwisho kabisa, watu wakiwa karibu kuketi.

Kuchagua viazi

Hapa tunasema viazi mviringo, vile vya kizungu, si viazi vitamu. Kalemie haina baridi ya kutosha kwa zao hili, maana ziwa liko kwenye kimo cha mita kama 770 tu. Viazi mviringo vinapenda nyanda za juu kama Marungu, upande wa Moba, ambako milima inapita mita 2.000, ama milima ya Kivu ambako vinalimwa kwa wingi. Vinapofika sokoni kwetu vimesafiri, kwa hiyo angalia vizuri kabla ya kutoa makuta yako.

Kiazi chenye rangi ya kijani kwenye ganda, ama kilichochipua sana, usikinunue. Kiazi kilichopigwa na mwanga kinatengeneza sumu yake mwenyewe, na moto wa kupikia hauiondoi. Ukirudi nyumbani, weka viazi mahali penye giza na hewa, si kwenye mfuko wa plastiki.

Kwa saladi tunataka kiazi kinachobaki kigumu, si kile kinachopasuka na kuwa unga. Namna ya kujua ni rahisi: pima kopo 1 la chumvi kwa makopo 11 ya maji, koroga mpaka chumvi iishe, tumbukiza kiazi kibichi. Kiazi cha unga ni kizito, kitazama. Kiazi cha saladi kitaelea. Vile vya kuzama usivitupe, ni vizuri kwa kuponda ama kutia kwenye mchuzi.

Vitu vya watu ishirini

Viazi mviringo kilo 5. Karoti kilo 1. Maharagwe mabichi ya maganda nusu kilo, kama yapo. Vitunguu vikubwa 4. Mayai 10. Mafuta ya karanga ama ya alizeti makopo 2 ya robo lita. Maji ya ndimu, ama siki, kopo 1. Chumvi, pilipili manga, na majani ya kitunguu ya kunyunyizia juu.

Mapishi

Kwanza mikono. Anayepika anawe kwa sabuni, na mwenye kidonda mkononi ama aliyeharisha juma hilo apewe kazi nyingine. Maji yote ya kuoshea mboga yawe yamechemshwa ama yametiwa klorini. Maji ya ziwa yanayochotwa hivihivi hayafai, hata yakionekana safi.

Osha viazi, uvitie kwenye sufuria na maganda yake. Mimina maji baridi mpaka yavifunike, tia chumvi, ndipo uweke kwenye mbabula. Ukivitupa kwenye maji yanayochemka, nje kitaiva na kupasuka wakati ndani bado kibichi. Maganda yanazuia kiazi kunywa maji mengi. Kijiko kimoja ama viwili vya siki kwenye maji hayo vinasaidia kiazi kisivunjike. Kisu kikipita mpaka katikati bila kulazimisha, epua na kumwaga maji.

Karoti na maharagwe chemsha katika sufuria nyingine. Mayai yachemke dakika 10 mpaka 12, kiini kiwe kigumu kabisa. Yaache ndani ya maganda yake mpaka saa ya mwisho.

Menya viazi vikiwa bado na moto, ukishika kwa kitambaa safi ama uma. Kata vipande vya ukubwa wa pande la sukari. Palepale, kabla havijapoa, mwagia maji ya ndimu yaliyochanganywa na vijiko 2 vya supu vya chumvi. Kiazi cha moto kinakunywa ndimu mpaka ndani. Kilichopoa kinaiacha juu juu, na saladi inakuwa haina ladha. Wengi wetu tunakosea hapo, halafu tunaongeza mayonezi kuficha.

Vitandaze kwenye sahani pana ama sinia, usivirundike kwenye basine. Vikiwa vimetandazwa vinapoa upesi, upepo wa ziwa unasaidia. Funika kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi.

Kata vitunguu vyembamba, vioshe kwa maji safi, kisha viloweshe katika ndimu kidogo. Dakika kama ishirini kabla ya kula, ndipo unamimina mafuta juu ya viazi, unatia karoti, maharagwe na vitunguu, unageuza polepole kwa vijiko viwili. Mayai yanamenywa na kukatwa mwisho, yanapangwa juu.

Na mayonezi?

Wengine watasema saladi bila mayonezi si saladi. Tunajibu kwamba hata huko Ulaya hawakubaliani. Ujerumani, watu wa kaskazini wanapenda saladi ya viazi yenye mayonezi, na wa kusini wanatia siki, mafuta na supu ya moto. Kila upande unasema yake ndiyo yenyewe.

Mayonezi ya mayai mabichi, tunawaomba, iacheni kwa mikutano. Ile ya dukani ina siki ndani yake, ni salama zaidi, lakini fungua chupa siku hiyohiyo na uitie mwisho. Kumbuka kwamba viazi na mayai vikikaa kwenye joto vinaharibika hata kama mayonezi ni nzuri.

Sisi tulijaribu kitu kingine, na watu walikipenda: mayonezi ya karanga. Chukua nusu kilo ya karanga zilizokaangwa, toa maganda, saga mpaka zitoe mafuta. Ongeza nusu lita ya maji yaliyochemshwa, kidogo kidogo, huku unakoroga. Tia maji ya ndimu nane na chumvi. Inakuwa nzito kama ya dukani, bila yai hata moja. Ukitumia hii, punguza mafuta yawe nusu kopo tu. Chagua karanga vizuri: zenye ukungu, zilizosinyaa ama zilizobadilika rangi zitupwe, maana zinaweza kuwa na sumu ya ukungu. Na waambie wageni kwamba kuna karanga ndani, kwa sababu kuna watu ambao karanga zinawadhuru.

Hesabu ya kamati

Mayonezi ya dukani inatoka mbali, na franka zake zinaondoka nayo. Karanga, ndimu, vitunguu na mayai vinaweza kununuliwa kwa wanachama wenyewe. Kabla ya mkutano, kamati iandike kwenye daftari kila kitu, kipimo chake na bei yake ya siku hiyo sokoni, makala na maji vikiwemo. Gawanya jumla kwa idadi ya sahani. Ukijua sahani moja imegharimu kiasi gani, utajua kama mchango wa wanachama unatosha, na kikundi cha akina mama kinaweza hata kuchukua kazi ya kupikia harusi kwa bei isiyowatia hasara.

Bei ya viazi mviringo ikipanda sana, tumieni viazi vitamu vyetu. Vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa ni vizuri kwa macho ya watoto, kwa sababu vina vitamini A. Vinaiva haraka, kwa hiyo viangalie, na ongeza ndimu kupunguza utamu.

Siku tuliporudia

Mkutano uliofuata, kamati ilimwomba mama yuleyule apike. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akasema: "Nitapika, lakini mezani mbele ya watu wote, na mwenyekiti asinichelewesha."

Basi tulipanga saa kwa kurudi nyuma. Kula: saa saba kamili. Kuchanganya: saa saba kasoro dakika ishirini. Kumenya na kutia ndimu: saa tano na nusu. Viazi kwenye moto: saa nne na nusu. Na kamati ikakata neno ambalo halijawahi kukatwa katika kooperative ile: watu wale kwanza, hotuba zije baadaye.

Mbabula iliwekwa chini ya mwembe. Vijana walileta bidoni za maji yenye klorini na sabuni, wakazisimamisha pale penye foleni ya chakula. Wanachama walimwona akimenya viazi vya moto huku akipuliza vidole, walimwona akimimina ndimu. Wengine walianza kuuliza maswali, na yeye akawa anajibu kama mwalimu. Saa saba aliketi akala wa kwanza, sahani yake juu ya magoti. Kisha mzee mmoja, kati ya wale kumi na mmoja walioumwa, alinyoosha sahani yake. Baada yake foleni haikukatika.

Saa nane kasoro robo basine ilikuwa tupu. Kidogo kilichobaki kwenye sinia hakikufungwa kupelekwa nyumbani, kilikwenda kwa kuku. Usiku tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza hali. Hakuna aliyeumwa.

Hotuba zilikuwa fupi siku hiyo, maana watu walikuwa wameshiba na usingizi unawaita. Mwenyekiti hakufurahi sana. Lakini kwa mkutano ujao utaratibu umebaki uleule, na mama ameombwa kuonyesha mapishi haya kwa kooperative mbili za jirani. Meza yake ya samaki ina wateja tena.

Kwa wanaotaka kubandika ukutani

Pika siku ileile. Nawa kwa sabuni, tumia maji yaliyotiwa dawa ama kuchemshwa. Tupa viazi vya kijani. Tia ndimu viazi vikiwa moto. Tandaza vipoe. Changanya mwisho. Kula ndani ya saa mbili, na jua likiwa kali, ndani ya saa moja. Kinachobaki kisilazwe. Mtu akihara ama kutapika, aanze kunywa serumu palepale na apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Na kabla ya kumtaja jirani kuwa mchawi ama mtia sumu, ulizeni kwanza chakula kilipikwa saa ngapi.