Lenzi Iliyotumika: Kasoro Zinazorekebishika na Zisizorekebishika

Anayepiga picha katika ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mlango wa Mto Pangani, huipa lenzi yake mtihani mgumu bila kukusudia. Mstari wa bahari unapaswa kunyooka, na makuti ya minazi husimama meusi mbele ya anga lenye mwanga mkali. Lenzi dhaifu hujidhihirisha papo hapo: mstari unapinda, pembe za picha zinaingia giza, na kingo za makuti zinapata utepe wa zambarau.

Baadhi ya wauzaji humwambia mlaji kwamba yote hayo yatamalizwa kwenye kompyuta. Kauli hiyo ni kweli nusu, na ndiyo maana tunaihofia. Programu ya kuhariri picha huweza kunyoosha mstari, kuangaza pembe na kufifisha utepe, kwa kuwa kasoro hizo hufuata mpangilio unaojulikana wa aina ya lenzi. Ukali wa picha ni jambo jingine. Mishipa ya jani ambayo lenzi haikuitenganisha haimo pichani. Programu hukoleza kingo tu, au hubuni kisichokuwapo.

Katika pwani yetu yenye unyevu, kuvu ni tatizo kubwa zaidi. Huota kati ya vioo mfano wa utando wa buibui, na picha huonekana kama imepigwa nyuma ya pazia, hasa jua likiwa mbele. Huweza pia kula tabaka jembamba lililopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama hubaki. Mulika tochi upande mmoja wa lenzi, utazame kwa upande wa pili.

Usitosheke na picha za muuzaji; kamera nyingi za kisasa husahihisha picha zenyewe kabla ya kuihifadhi. Piga ukuta wa matofali, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, kisha kuza pembe zote nne. Pembe moja ikififia kuliko nyingine, huenda vioo vimehama, pengine kwa kuanguka. Kwa mpiga picha wa harusi au mwongoza wageni, hiyo ni akiba ya miezi mingi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Kwa hiyo dai stakabadhi yenye namba ya lenzi, na maelezo ya muuzaji kuhusu hali yake yaandikwe humo kabla ya kulipa.