MTOTO HAONI UBAO: MIWANI, LENZI AU LEZA?

Mtoto anakaa nyuma darasani, anakunja uso, kisha ananakili kutoka kwenye daftari la jirani yake. Mwalimu anasema ni mvivu. Nyumbani anasoma kitabu akiwa amekisogeza hadi puani. Huenda mtoto huyu si mvivu. Huenda haoni mbali, na asipopimwa anaweza kuacha shule kwa kosa lisilo lake.

Kutoona mbali ni nini?

Mwanga unaoingia jichoni unatakiwa kukutana juu ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho. Kwa mtu asiyeona mbali, mara nyingi jicho ni refu kupita kawaida, hivyo mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina. Vitu vya karibu huonekana vizuri. Vya mbali huwa na ukungu. Hali hii mara nyingi huanza utotoni na huongezeka mtoto anapokua. Si laana wala haiambukizi. Hakuna dawa ya matone wala ya kienyeji inayoweza kulifupisha jicho.

Jipime hivi

Toboa kadi ngumu kwa sindano. Funika jicho moja, kisha tazama bango la mbali kupitia tundu hilo. Maandishi yakionekana vizuri zaidi, huenda miwani itakusaidia. Yasipobadilika, huenda tatizo ni jingine, kama mtoto wa jicho, makovu ya trakoma au upofu wa mtoni. Hayo hayatibiwi kwa miwani. Kwa vyovyote vile, nenda ukapimwe.

Njia tatu za kusahihisha

1. Miwani. Ndiyo njia salama na rahisi zaidi, hata kwa mtoto. Lenzi yake ni nyembamba katikati na namba yake huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa mfano -2.00. Jihadhari: miwani ya kusomea inayouzwa tayari sokoni, kama pale Konyo Konyo, huwa na alama ya kujumlisha. Hiyo ni ya watu wazima wasioona karibu. Asiyeona mbali akiivaa, ukungu utazidi. Wengine husema miwani huharibu macho. Si kweli.

2. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Zinahitaji mikono safi, dawa maalumu ya kuzioshea na uangalizi wa kila siku. Maji ya bomba, ya kisima au mate yasiziguse kamwe, kwani vijidudu vinaweza kuleta kidonda cha jicho na hata upofu. Kwa vumbi na shida ya maji kambini, hatuzishauri.

3. Upasuaji wa leza. Mionzi hupunguza sehemu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, ili mwanga ukutane mahali pake. Hufanywa kwa watu wenye umri wa miaka 18 au zaidi ambao namba ya macho yao imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi. Huduma hii inapatikana Nairobi, lakini ni ghali. Tena, baada ya miaka 40 bado unaweza kuhitaji miwani ya kusomea. Usiuze mali kwa ajili ya leza wakati miwani inatosha.

Fanya nini?

Anzia kliniki ya kambi, uombe rufaa. Mjini Juba kuna Kituo cha Macho cha Buluk. Mwombe mwalimu amkalishe mtoto mbele. Mruhusu acheze nje mchana, kama saa 2 kila siku. Husaidia kuzuia tatizo hili kuanza. Miwani ioshwe kwa maji na sabuni, ifutwe kwa kitambaa laini cha pamba.

Usisubiri ukiona dalili hizi: jicho jekundu lenye maumivu, kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kuona mimuliko ya mwanga, au weupe ndani ya mboni ya mtoto. Nenda kliniki siku hiyo hiyo.

Mzazi, kabla ya kumwadhibu mtoto kwa alama mbaya, mpeleke apimwe macho.