Ganda Linakwambia Lilikolala

Sogeeni karibu, wanangu, na yule wa nyuma aache kuvuta kamba ya kiatu cha mwenzake.

Kule Gikomba, ukishawapita waliotandaza mitumba juu ya maturubai, na kabla masikio hayajazibwa na nyundo za wafua mabati, kuna mama anayeuza matunda kwenye mkokoteni. Wateja humwita Mama Matunda. Kisu chake ni kikali kuliko ulimi wake, lakini kidogo tu. Siku moja msichana wa miaka tisa alisimama mbele yake na mbao mkononi, yaani shilingi ishirini. Mama akamchagulia chungwa. Msichana akaligeuza, akaligeuza tena, kisha akalirudisha.

"Mathe, hili bado bichi. Ni la kijani."

"Bichi ni wewe," mama akamjibu. Akalimenya kwa utepe mmoja mrefu usiokatika, akalikata kofia ya juu, akampa. "Nyonya kwanza, halafu unitukane."

Msichana akanyonya. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko, na matusi hayakuja.

Chungwa lile lilitoka Muheza, mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Huko michungwa imejaa kama migomba ilivyojaa Kisii, na malori huyavusha matunda mpakani hadi kwetu Nairobi. Muheza si mbali na bahari wala haiko juu sana, kwa hiyo hata usiku hujifuniki blanketi. Hapo ndipo siri ilipo.

Ganda la chungwa lina rangi zaidi ya moja. Kijani kilichomo ni kile kile cha majani, nacho huzifunika rangi nyingine zilizo chini yake. Mwenye uwezo wa kukiondoa kijani hicho ni baridi ya usiku. Usiku ukishuka mara kwa mara hadi nyuzi 13 hivi au chini yake, kijani hufifia, na ile rangi ya jua la magharibi hujitokeza. Usiku ukibaki na joto, tunda huiva ndani, likajaa maji na sukari, huku nje likiwa la kijani vile vile. Ndiyo maana nasema ganda linakwambia lilikolala. Kama limeiva au halijaiva, uliza ulimi.

Yaweke matatu mezani uone. La Muheza ni kijani. La Makueni, linaloshuka na basi kutoka Wote hadi pale Machakos Country Bus, hatua chache tu kutoka Gikomba, huwa na manjano, kwa sababu usiku wa Julai kule Ukambani unajua kuuma kidogo. La Misri, lile la supamaketi, linang'aa kama balbu, maana limekomaa wakati wa kipupwe. Tena kuna wafanyabiashara wanaoyafungia machungwa kwenye chumba chenye gesi ya ethilini hadi kijani kiishe. Hilo ni sawa na kumvalisha mtu shati jipya, tabia yake hujaigusa. Na lililo kali zaidi ni hili: kuna machungwa ambayo yakiachwa mtini baada ya kupata rangi, joto likirudi, ganda huanza kuwa kijani upya! Aliyeipa rangi ya chungwa jina lake nadhani hakuwa mtu wa Muheza.

Msidhani machungwa ni wageni wa jana kwenye pwani yetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga Mombasa, mfalme wa mji alimpelekea kondoo, miwa, malimau na machungwa tele. Mabaharia wengi walikuwa wameugua kiseyeye, ule ugonjwa wa kuvimba fizi unaowapata watu wasiokula matunda wala mboga kwa miezi mingi. Mmoja wao aliyeandika habari za safari ile anasema wagonjwa walipona, kisha akaisifu hewa nzuri ya Mombasa. Hewa! Ilipita karibu miaka 250, mpaka 1747, ndipo daktari wa meli James Lind alipowagawia mabaharia wagonjwa vyakula mbalimbali, na waliopewa machungwa na malimau wakawa wa kwanza kupata nafuu.

Sasa twende kwa mkulima. Embe unaweza kulichuma bichi ukalifunika ndani ya mahindi, likaiva. Ndizi vile vile. Chungwa halikubali mchezo huo. Likishatoka mtini utamu wake umeishia hapo, hata ulifunike mwezi mzima. Kutoka ua hadi tunda lililoiva, aina nyingine huchukua miezi minane au tisa, na aina iitwayo Valencia hufika mwaka na kuzidi. Muda wote huo mkulima anasubiri, na karo ya shule haisubiri. Broka anafika shambani na pesa mkononi mapema, mti mzima unavuliwa, na wewe Nairobi unanunua chungwa kali unakunja uso. Mimi simlaumu sana mkulima. Broka ninamlaumu kidogo.

Yule msichana hakutema mbegu. Alizitia mfukoni, akasema atazipanda kwenye mkebe wa Blue Band. Mama Matunda akacheka, kwani kwao ni Makueni na anayajua mambo haya.

"Ya mbegu utangoja miaka saba au zaidi," akamwambia, "na miiba yake itakuchana kabla hujaonja kitu."

Wakulima hawangoji hivyo. Hupanda mbegu ya limau, kwa sababu mizizi yake ni migumu na haibagui udongo. Mche ukifika unene wa penseli, huchanja gome kwa kisu, mfano wa herufi T, wakachomeka jicho lililokatwa kwenye mchungwa mtamu, kisha wakafunga kwa utepe wa nailoni. Wiki tatu hivi baadaye hufungua. Jicho likiwa bado kijani, limeshika. Hapo kichwa cha mlimau hukatwa na jicho linakuwa mti: miguu ya limau, mwili wa chungwa. Mti huo huweza kuanza kuzaa katika mwaka wa tatu. Lakini machipukizi yakitokea chini ya kovu, yaondoe haraka. Ukizembea, limau litajirudishia kiti chake, na mchungwa wako utazaa malimau.

Kuna chungwa lenye kitovu, Washington Navel, ambalo hata Makueni hulipanda. Mbegu halina kabisa. Asili yake ni Bahia, Brazili. Miche yake miwili ilipandwa Riverside, California, mwaka 1873, na mmoja wao ungali hai. Kwa kukata jicho na kuchomeka, jicho na kuchomeka, miche hiyo ikasambaa mpaka huku kwetu.

"Na kijani kibaya kipo?" msichana akauliza.

Kipo. Kuna ugonjwa unaoenezwa na kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, nao umeharibu michungwa mingi kwenye nyanda za juu za Kenya. Majani hupata mabaka ya manjano. Tunda huota upande mmoja, kama uso wenye jino bovu, kitako chake hubaki kijani na ndani ni chungu. Dawa ya kuuponya mti haipo. Unang'olewa, na mkulima anatafuta miche safi aanze upya.

Wiki kadhaa baadaye msichana alirudi na mkebe wake. Alikuwa amepanda mbegu tano, akahesabu miche minane. Alidhani amerogwa. Mama akamweleza kwamba mbegu moja ya chungwa huweza kuwa na vichanga wawili au watatu tumboni, kama mapacha.

"Sasa vikizaa, utaniuzia?" mama akauliza.

Msichana akahesabu kwa vidole: tisa na saba. "Nitakuwa na kumi na sita. Wewe utakuwa shosho."

"Shosho mwenyewe," mama akasema, akachukua kisu, akamchagulia la kijani kuliko yote mkokotenini.