Hilo shimo ni la gavana au la Nairobi? Jua mpaka kabla ya kulaumu

Panda matatu Likoni uelekee Lunga Lunga. Utapita Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda na Msambweni hadi ufike mpaka wa Tanzania, yote hiyo juu ya lami moja. Barabara hiyo si ya gavana wa Kwale. Ni barabara kuu ya kitaifa, A14, iko chini ya KeNHA na maamuzi yake yanafanywa Nairobi. Sasa shuka Ukunda, chukua boda uingie mitaani kwenye vumbi na mashimo. Nyingi ya hizo njia za ndani ndizo za kaunti.

Tofauti hiyo wengi wetu hatuijui, na inatugharimu. Mvua ikinyesha, magrupu ya WhatsApp yanajaa matusi kwa gavana. Hospitali ikikosa dawa, gavana. Polisi wakikusumbua usiku ukitoka kazini Diani, gavana. Mwalimu akikosekana shule ya upili, gavana tena. Huku mwenye kazi hiyo ametulia ofisini kwake, hakuna anayemuuliza lolote.

Kwa hivyo leo tuongee kuhusu mpaka. Huu haumo kwenye ramani, umo kwenye Katiba, na unasema Nairobi inaishia wapi na Kwale inaanzia wapi.

Siku moja Ukunda, serikali mbili

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilitupa kaunti 47. Kwale ni nambari 2, baada ya Mombasa. Kifungu cha 6 kinasema serikali ya kitaifa na za kaunti ni tofauti, ila zinategemeana na lazima zishauriane. Maana yake ni kwamba gavana si mfanyakazi wa Rais. Rais hawezi kuamka Jumatatu amfute kazi. Hata kusimamisha serikali ya kaunti kunahitaji hali ya dharura, au sababu nzito sana ambayo tume huru imeichunguza na Seneti ikakubali. Tena hapo muda wake hauzidi siku 90.

Kazi zenyewe zimegawanywa kwenye Jedwali la Nne. Ukilisoma utacheka, kwa sababu ukitembea Ukunda asubuhi hadi jioni unavuka mpaka huo kila baada ya hatua chache.

Mdogo wako anaenda chekechea: hiyo ni kaunti. Wewe ulisoma shule ya msingi na ya upili: hiyo ni Nairobi, na walimu wanaajiriwa na TSC. Ukijiunga na chuo cha ufundi cha kijijini ujifunze umeme au ushonaji, umerudi kwa kaunti. Ukienda chuo kikuu, Nairobi. Mama anauza samaki sokoni, kibali chake ni cha kaunti. Askari anayesimamisha tuktuk barabarani ni wa Nairobi. Hospitali ya Msambweni ni ya kaunti, lakini sera ya afya inaandikwa Nairobi, na KEMSA inayosambaza dawa kwa kaunti ni shirika la serikali ya kitaifa.

Sasa unaona kwa nini madaktari walipogoma siku 56 mwaka 2024, Nairobi na kaunti zilikuwa zinarushiana mpira. Mgonjwa alikuwa amelala katikati.

Marekani wamefanya kinyume

Ukisikia Wamarekani wakibishana kuhusu haki za majimbo, jua msingi wao ni tofauti na wetu. Kule majimbo ndiyo yaliyoungana kuunda serikali kuu. Rekebisho la Kumi la katiba yao, la mwaka 1791, linasema mamlaka yoyote ambayo serikali kuu haikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi.

Sisi tumeandika kinyume. Kifungu cha 186 cha Katiba yetu kinasema kazi yoyote ambayo kaunti haijapewa ni ya serikali ya kitaifa. Yaani Jedwali likinyamaza, Nairobi ndiyo inachukua. Kumbuka jambo hilo, kwa sababu litakuja kutuuma hapa chini kwenye madini na karo.

Na usidhani mamlaka ya majimbo ni mazuri kila wakati. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alitumia askari wa jimbo kuzuia wanafunzi weusi wasiingie shule ya upili ya Little Rock. Rais Eisenhower akatuma wanajeshi wawasindikize hadi darasani. Siku hiyo mnyonge aliokolewa na serikali kuu, na aliyekuwa akimkandamiza ni serikali ya nyumbani kwao.

Mchanga uliondoka, pesa je?

Turudi kwetu. Nguluku na Maumba, kule ndani ya Msambweni, familia zilihamishwa, nyingine zikapelekwa Bwiti, ili mchanga wenye titani uchimbwe. Mradi ulianza na Tiomin ya Canada, mwaka 2010 ukachukuliwa na Base ya Australia. Meli ya kwanza ya madini iliondoka Likoni Februari 2014. Desemba 2024 uchimbaji ukafungwa.

Nani alikuwa mwenye madini hayo? Wengi watasema Wadigo, wenye ardhi. Katiba inasema madini ni ardhi ya umma, na Kifungu cha 62 kinayaweka chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya Wakenya wote. Kaunti haitoi leseni ya kuchimba na haiwezi kuifuta.

Sheria ya Madini ya 2016 ilijaribu kusawazisha. Mrabaha unagawanywa hivi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii inayoishi panapochimbwa. Linganisha na Nigeria, ambako katiba inataka angalau asilimia 13 ya mapato ya mafuta na rasilimali nyingine za asili irudi kwenye majimbo yanakotoka. Kwenye karatasi, Kwale iko juu ya Niger Delta.

Shida ni kwamba karatasi haijengi zahanati. Miaka mingi baada ya sheria hiyo kupitishwa, Kwale bado ilikuwa inadai mgao wake huku meli zikiendelea kujaa Likoni. Kifungu kilikuwepo, asilimia zilikuwepo, lakini mwenye ufunguo wa sanduku alikuwa Nairobi. Na hapa kuna kichekesho cha siasa: Salim Mvurya, aliyekuwa gavana wa Kwale kuanzia 2013 hadi 2022, ndiye aliyeteuliwa Waziri wa Madini mwaka huohuo wa 2022. Alivuka kutoka upande unaodai hadi upande unaodaiwa.

Usiseme ni hadithi ya zamani. Mlima wa Mrima, kule Lunga Lunga, una niobi na madini adimu ambayo dunia nzima inayatafuta sasa kwa ajili ya simu, magari ya umeme na silaha. Mrima ni msitu, tena ni kaya ya Wadigo. Leseni ya kampuni iliyotaka kuchimba hapo ilifutwa mwaka 2013, na aliyeifuta ni waziri wa Nairobi. Ikitolewa nyingine, itatolewa Nairobi vilevile. Basi kama wewe ni kijana wa Lunga Lunga, uliza mapema: ile asilimia 10 itapitia mfuko gani, na nani atakaa kwenye kamati yake? Ukingoja meli ya kwanza iondoke, utakuwa umechelewa kama watu wa Nguluku.

Basari: hapa ndipo panauma

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, karo ilinishinda. Kwa hivyo hili siliongelei kama mtu wa mbali.

Kwale ni kati ya kaunti zilizojulikana kwa basari. Mpango wa Elimu ni Sasa umelipia karo vijana wengi wa hapa, kutoka kidato cha kwanza hadi chuo kikuu. Ila rudi kwenye Jedwali: shule za upili na vyuo vikuu ni kazi ya Nairobi. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti Margaret Nyakang'o alizitumia kaunti waraka akisema haziwezi kutumia pesa kwenye kazi ya serikali ya kitaifa, basari zikiwemo, bila makubaliano rasmi kati ya serikali hizo mbili. Magavana wakaenda kortini, na Mahakama Kuu ikausimamisha waraka huo kwa muda. Haya yote yalitokea wakati shule zinafunguliwa na wazazi wameshika barua za kujiunga mkononi.

Nani ana haki hapo? Kusema ukweli, waraka ulikuwa na hoja. Kila shilingi ya kaunti inayolipia chuo kikuu haijengi chekechea wala hainunui vifaa vya chuo cha ufundi, na hizo mbili hakuna mwingine wa kuzifanya. Lakini pia huwezi kuacha kazi yako bila kuimaliza, halafu umzuie jirani anayekusaidia. Kama Nairobi ingelipa elimu yake sawasawa, nani angepanga foleni ya basari?

Na foleni zenyewe ni mbili. Kuna ya kaunti, na kuna ya mbunge kupitia NG-CDF. Ile ya mbunge nayo ina mashaka: Septemba 20, 2024 Mahakama Kuu ilisema sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, ikaipa muda hadi Juni 30, 2026. Yaani mtoto mmoja wa Kinondo anasomeshwa na mifuko miwili, na yote miwili imebishaniwa kortini.

Maoni yangu: makubaliano yatiwe saini, kiasi kiandikwe, na orodha ya waliofaidika ibandikwe kwenye ofisi ya kila wadi. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi. Njia ipo, kinachokosekana ni nia.

Neno majimbo lina kovu

Wazee wakisikia tunadai mamlaka zaidi kwa Kwale, wengine hushtuka. Wana sababu. Mwaka 1963 Kenya ilianza na majimbo, KADU ya Ronald Ngala ikiyapigania. Novemba 1964 chama hicho kilijivunja na kuingia KANU, na kufikia Jamhuri mwezi uliofuata mamlaka ya majimbo yalikuwa yameondolewa. Kisha Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, fujo zikasambaa hadi Kwale, watu wa bara wakauawa na kufukuzwa. Neno majimbo likawa na maana ya "rudini kwenu".

Ugatuzi wa 2010 hauna maana hiyo. Haki za kaunti ni za kila anayeishi hapa, Mdigo, Mduruma, Mkamba wa Kinango au Mjaluo anayepika hotelini Diani. Anayekuambia kutetea Kwale ni kumchukia jirani anakupeleka 1997, usimfuate.

Basi ufanye nini?

Kwanza, mlaumu anayehusika. A14 ikiharibika, mtafute mbunge. Msambweni ikikosa glavu, mtafute diwani wako na wizara ya afya ya kaunti. Mgao wa kaunti ukichelewa Nairobi, mtafute seneta, ndiyo kazi yake hasa.

Pili, shika tarehe tatu. Septemba 1 kaunti huwa imepeleka mpango wake wa mwaka bungeni. Februari 28 ni mwisho wa waraka wa mwelekeo wa fedha. Aprili 30 ni makadirio ya bajeti. Kabla ya kila moja, sheria inataka maoni ya umma. Kwale ina wadi 20, na vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee na viti vitupu.

Kwale hupokea zaidi ya shilingi bilioni 8 kwa mwaka kama mgao wa kaunti. Hizo hazina Nairobi wa kusingizia. Nenda ukae kwenye hicho kiti, na ukiulizwa una swali gani, anza na chuo cha ufundi kilicho karibu nawe: kina wanafunzi wangapi, walimu wangapi, na mashine ngapi zinazofanya kazi.